Kiraka cha Shanga za Kijani

Siku Neema aliponiwekea simu yake juu ya ungo nilikuwa uani nachambua maharage, na nikamwambia aitoe kabla sijaimwaga pamoja na mawe. Neema ni mjukuu wangu. Anafanya kazi mapokezi kwenye loji moja hapa Karatu, na siku zile mimba yake ilikuwa ya miezi mitano. Akasema, "Bibi, angalia mara moja tu, halafu ndiyo ugombe." Nikaangalia. Ilikuwa sketi ya ngozi, zile za bibi zetu, imetundikwa kwenye ukuta mweupe na taa imeelekezwa kwake kama mtu anayehojiwa. Shanga nyeupe, nyekundu na za bluu zimezunguka pindo, safu kwa safu, zimenyooka. Mahali pamoja tu palikuwa na kasoro, chini upande wa kushoto, kiraka cha shanga za kijani kipana kama kiganja cha mtoto, na safu zake zimelala upande. Mshono ule ni wa mkono wangu. Niliutambua kabla hata sijajua ninachokiangalia ni nini, na ungo ukaniponyoka magotini, maharage yakaenda kwa kuku.

"Bibi! Nini tena?" "Mkono umekufa ganzi." Akaanza kuokota, na huku anaokota anaeleza. Sketi iko Arusha, kwenye jumba la sanaa. Chini yake wameandika kwamba ni ya mwanamke wa Kiiraqw na kwamba mshonaji hajulikani. Wanatafuta wazee wa huku watakaoweza kueleza habari zake mbele ya wageni, siku moja tu, kwenda na kurudi. "Nimewaambia nina bibi," akasema. "Umewaambia una bibi bila kumuuliza bibi." "Si ndiyo nakuuliza sasa?" Nikasema miguu inaniuma. Akasema miguu itakaa kwenye gari. Nikasema sina nguo. Akasema, "Una kitenge cha Pasaka hujakivaa hata mara mbili, usinifanye mtoto." Watu wa mtaa huu wananijua kwamba siogopi. Nimeshafukuza tembo shambani kwa kugonga sufuria, peke yangu, wanaume wamejifungia ndani. Lakini siku ile niliingia jikoni nikakaa chini nimeegemea gunia la mkaa.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule tuliouita mwaka wa unga wa yanga, kwa sababu ya ule unga wa njano wa msaada tuliogawiwa mvua zilipokataa. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Shule nilikuwa nimeishia darasa la nne, na nilipelekwa kukaa na bibi mmoja mjane, dada wa bibi yangu, nyumba yake iko mtelemkoni chini ya msitu wa Ngorongoro. Tulimwita Ama, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kiiraqw. Nyumba ilikuwa ya udongo na nyasi, ndefu, ng'ombe upande mmoja na watu upande mwingine, na katikati jiko la mafiga matatu ambalo moto wake haukuzimwa kamwe. Juu ya jiko palikuwa na dari ya miti. Huko ndiko vilikokaa vitu vyote vyenye thamani: mbegu, vibuyu, na ile sketi, imeviringishwa ndani ya ngozi ya mbuzi. Ukilala chali ulikuwa unauona mwisho wa ngozi hiyo ukining'inia kidogo, mweusi kwa moshi. Mimi nililala chini yake kwenye ngozi moja na msichana wa umri wangu, Magdalena. Magdalena hakuwa wa ukoo. Alitoka bondeni, Mang'ola, mama yake alikufa, na Ama alimchukua amsaidie kuchota maji. Alikuwa na mdomo. Ama akimtuma kuni, alijibu, "Ama, kuni zenyewe zimechoka kuniona." Na Ama, ambaye hakuwachekea watu ovyo, alikuwa anageuza uso aende kuchekea kwa ng'ombe.

Sketi ile Ama aliishona mwenyewe alipokuwa msichana, yeye na wenzake wamefichwa ndani kwa miezi wakifundishwa mambo ya wanawake. Alisema kila safu ina maneno yake, na maneno hayo hatatuambia kwa sababu hatukuwamo. Mara moja tu kwa mwaka aliishusha, akaipaka mafuta ya ng'ombe, akairudisha. Mwaka ule alipoishusha, panya walikuwa wametoboa pindo. Ama alilia. Macho yake hayakuwa tena ya sindano, akanipa mimi niishone, si Magdalena, kwa sababu mimi ni damu yake. Shanga za rangi zile hazikuwepo tena, dukani Karatu mjini tukapata za kijani tu. Nilishona siku tatu mlangoni kwenye mwanga, Magdalena amekaa karibu ananitungia uzi kwenye sindano, lakini kuigusa ngozi yenyewe alikatazwa. Nilipomaliza, Ama aliipitisha vidole akasema, "Umeshona kama kuku anavyoparua." Halafu akasema, "Lakini ni wewe. Nikifa, nitaijua kwa hapo."

Neema alipanga safari kama anavyopanga za watalii. Alikuwa na daftari. Jioni akitoka kazini anakaa kwenye benchi jikoni, anavua viatu, anasoma: dereva wa loji anashuka Arusha Alhamisi na gari tupu kupokea wageni wa siku ya pili, atatuchukua saa kumi na moja alfajiri, tutapumzika Makuyuni, saa nne tutakuwa pale, saa tisa dereva mwingine anapanda na vyakula vya jikoni, tutarudi naye. "Chakula?" nikauliza. "Kule kuna mgahawa, Bibi." "Nitapika mayai na viazi vitamu. Siwezi kwenda kula kwa watu nisiowajua." Akaandika. Kila usiku wa kuamkia siku nyingine niliona imepungua siku moja. Nikaanza kutafuta ugonjwa. Nikasema kifua. Akaniletea dawa ya kifua. Nikasema nimeota vibaya. Akasema, "Umeota nini?" na mimi hata sikuwa nimelala.

Siku moja akaja na habari mbili. Ya kwanza, vitu vya pale havishikwi, lakini wamekubali mzee mmoja, mmoja tu, aishike ile sketi wakati wa kuisimulia, na atavalishwa glovu nyeupe ili jasho lisiharibu ngozi. "Nimekuandika wewe." Nikacheka kwa hasira. Ngozi iliyolala kwenye moshi na mavi ya ng'ombe maisha yake yote, leo inaogopa jasho langu. "Na ya pili?" Ya pili ni kwamba wanataka wazee wawili, na amempata wa pili kupitia kijana mmoja wa lori la vitunguu. "Yuko Mang'ola, ana shamba la vitunguu. Nilipomtumia picha amesema sketi hiyo anaijua, alikaa nyumba ilimokuwa. Mnaweza kuwa mnajuana! Anaitwa Bibi Magdalena." Nilikuwa nimeshika mwiko. Nikaendelea kuusonga ugali ambao ulikuwa umeshaiva, nikausonga mpaka ukawa jiwe. Miaka yote nilikuwa nimejiambia Magdalena amekufa. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia tu, ikakaa.

Njaa ya mwaka ule sitaieleza sana, waliokuwepo wanaijua na wasiokuwepo hawataijua. Nitasema tu kwamba ng'ombe wa Ama walikufa mmoja baada ya mwingine mpaka upande wao wa nyumba ukawa kimya, na kimya kile ndicho kilichotutisha kuliko tumbo. Mgawo wa unga ulikuja mara mbili, halafu haukuja. Ama akawa halali tena kitandani kwa sababu alisema akilala vizuri hataamka. Tulichemsha majani. Magdalena akaacha mzaha. Wiki hiyo akapita mtu na lori, ananunua vitu vya zamani: vigoda, vibuyu, ngozi za shanga. Alisimama barabarani chini, na mimi nilikuwa naenda kisimani. Akaniuliza kama nyumbani kuna kitu. Nikasema hakuna. Akafungua turubai, nikauona unga, debe limejaa mpaka juu. Nilirudi nyumbani. Ama alikuwa nje juani, Magdalena sikumwona. Nikapanda ngazi, nikaishusha ile ngozi ya mbuzi, nikatoa sketi, nikaviringisha gunia kuukuu nikalirudisha ndani ya ngozi, nikaining'iniza kama ilivyokuwa, na mwisho wake unaonekana. Mikono yangu ilifanya yote hayo vizuri. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, ilifanya bila kutetemeka.

Ama nilimwambia mgawo umekuja. Akainua mikono akamshukuru Mungu. Nilisonga ugali wa njano, mgumu, na majani ya kunde, na tulikula sote watatu kwenye sahani moja ya bati. Ama alimega tonge akampa Magdalena mkononi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Magdalena alinitazama juu ya lile tonge kwa muda mrefu, halafu akala. Debe lile lilitufikisha kwenye mvua. Na mvua zilipokuja, mahindi yakaota, binti wa mwisho wa Ama, aliyekuwa akikaa kwa ndugu wengine, akapata mchumba, na Ama akasema ataivaa sketi yake siku ya harusi. Akanituma mimi niishushe. Niliishusha. Alifungua mbele ya watu, likatoka gunia.

Kwetu wazee wakiuliza jambo kama hilo hawamuulizi kila mtu. Wanaanza na wa mbali na kuja kwa wa karibu, mmoja mmoja, na anayeulizwa anasimama anajibu kwa sauti, wote wasikie. Wa kwanza atakayeshindwa kujibu, maswali yanaishia kwake. Walikaa bibi wanne kwenye vigoda uani, Ama katikati. Wa mbali alikuwa Magdalena. Mimi nilikuwa wa pili. Alisimama. Bibi mmoja akamuuliza, "Magdalena, ni wewe uliyeichukua?" Nilikuwa nimetengeneza jibu langu tangu asubuhi, liko mdomoni, lina ladha ya chuma. Magdalena hakujibu. Yule mwenye mdomo, aliyemjibu Ama, aliyewajibu wavulana kisimani, alisimama pale ananitazama mimi na hakusema neno. Wakamuuliza mara ya pili. Kuku wakapita katikati yetu. Mara ya tatu bibi yule akasema, "Basi, tumesikia." Ikaisha. Mimi sikuulizwa. Wakasimama wote wanne, wakageukia upande jua linakozama, wakatamka kwamba aliyeichukua, yeye na mtoto wa mtoto wake, asishike kitu kikakaa mkononi. Magdalena aliondoka kabla ya giza na kanga moja, akateremka njia ya Mang'ola. Ama aliishi mwaka mmoja zaidi, na mpaka anakufa alikuwa ananiita mtoto wangu mwaminifu.

Nimeishi na neno moja: sikuulizwa. Kanisani nilimwambia padri dhambi nyingine zote, hii sikuisema, kwa sababu kusema uongo ndiyo dhambi na mimi sikusema uongo, sikuulizwa. Nilizika watoto wawili wachanga. Sisemi ni maneno ya wale bibi. Nasema tu kwamba kila nilipozika nilikumbuka kwamba waliyatamka bila jina, waliacha yajitafutie yenyewe mtu wake. Na sasa Neema na tumbo lake alikuwa anapanga kunipeleka nikasimame mbele ya sketi ile ile, na watu waniulize imetoka wapi, kwa sauti, wote wasikie. Mtoto wa mtoto wangu alikuwa kwenye benchi langu anaandika viazi vitamu kwenye daftari. Mtu ataniambia hayo ni mambo ya zamani. Mwambie aje alale kitandani kwangu usiku mmoja.

Magdalena alikuja Jumatano mchana, kwa sababu gari lilikuwa la alfajiri na kutoka Mang'ola asingewahi. Alishuka kwenye lori la vitunguu pale barabarani, akiwa na mfuko mmoja wa vitunguu na mwingine wa nguo. Nilimjua kwa mwendo. Amekuwa mkubwa, mpana, anapumua kwa nguvu. "Saita," akanisalimia kwa Kiiraqw, kama mtu aliyetoka jana. "Saita," nikajibu. Akanitazama kuanzia kichwani. "Vero, umezeeka vibaya." "Na wewe umenenepa." "Vitunguu vinalipa." Neema alicheka mpaka akashika tumbo, anafurahi, anaona bibi wawili wamekutana. Nikasema naenda kupika. Sikuweza kukaa naye chumba kimoja. Jikoni nikawasha moto, nikabandika maji ya ugali, nikakata vitunguu vyake, na ukuta wa jikoni kwangu ni mabati na mbao, kila linalosemwa sebuleni linaingia.

Nilimsikia Neema anafungua daftari. "Bibi Magdalena, nikuulize ili kesho tusibabaike. Nani aliishona?" "Ama. Na kile kiraka cha kijani, bibi yako. Mimi nilitunga uzi." "Kumbe! Bibi hajaniambia! Wameandika mshonaji hajulikani!" Maji yakaanza kutoa sauti. "Sasa, wataniuliza ilitokaje nyumbani." Nikaacha kisu. "Wanasema niliiba mimi," Magdalena akasema. Alisema kama mtu anayetaja kijiji chake. "Uliiba?" "Nimekwambia wanasema." "Lakini, samahani Bibi, ni wewe?" Hapo nikasubiri. Nilisubiri ajibu lile swali la miaka ile, na nilijua kwamba akishindwa tena sitaweza kusimama mara ya pili nikaangalia kuku. Lakini hakushindwa. Alisema, "Mwulize bibi yako. Yeye hajawahi kuulizwa."

Viatu vya Neema vilikuja vinaburuta, pole pole. Akasimama mlangoni, mkono mmoja juu ya tumbo lake. Sidhani alielewa bado. Aliuliza kwa sababu ameambiwa aulize. "Bibi, nani aliichukua sketi?" Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda. Nikasimama. Nikashika ukuta wa bati moto moto. Nikasema kwa sauti, ili imfikie hata aliyeko sebuleni: "Niliichukua mimi. Niliibadilisha kwa debe la unga." Hakuna kilichotokea. Moto uliendelea kuwaka. Neema alishusha mkono kwenye tumbo akaupandisha tena, na uso wake ukabadilika, ukanitazama kama unavyomtazama mtu uliyemkuta kwenye nyumba siyo yake. "Na yeye ukamwacha?" akasema. "Nilimwacha."

Magdalena alikuja nyuma yake, anapumua. Nikamwambia, "Kwa nini hukujibu? Ungesema si wewe." Akachukua kisu changu akaendelea na vitunguu, haraka haraka, vidole vya mtu wa kazi hiyo. "Nilikuona unashuka ngazi. Nilikuwa kwa ng'ombe, pale palipokuwa patupu. Waliponiuliza nikanyamaza nikupe nafasi. Nikasema moyoni, sasa hivi Vero atasema. Mara ya pili nikasema, sasa hivi. Nilikuwa nakungoja wewe, Vero. Halafu yule bibi akasema basi." Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na alinitazama bila huruma, na ilikuwa haki yake. "Na ugali ule nilikula," akasema. "Nilijua ni nini, nikala. Hilo nalo uliandike, Neema." Neema hakuandika kitu. Akauliza kama safari tuiache, kama awapigie simu awaambie Bibi anaumwa. "Tunaenda," Magdalena akasema. "Miaka yote hii naitwa mwizi wa kitu ambacho sijawahi kukigusa. Nataka nikakione."

Tulikula ugali ulioungua chini, watatu, sahani tatu. Neema hakuniangalia, na mpaka leo kuna siku haniangalii. Mtoto wake wa kike amezaliwa, yuko salama, na mimi kila nikimpakata nashika kwa mikono miwili na kuhesabu vidole vyake, siamini. Lakini siku ile baada ya kula nilimwambia afungue daftari. "Pale ulipoandika mzee wa kuishika, futa jina langu. Mwandike Magdalena." "Na wa kusimulia?" "Nitasimulia mimi. Yote. Na waandike chini ya sketi kwamba mshonaji anajulikana." Alifuta, akaandika, kalamu ilikuwa inakwaruza karatasi. Niliogopa. Niliogopa zaidi kuliko wakati nimeficha, kwa sababu sasa woga ulikuwa na saa yake, saa nne asubuhi, na gari la kuufuata. Magdalena aliweka kikombe chini, akanyoosha mikono yake mbele ya dirisha, minene, myeusi kwenye kucha kwa udongo wa vitunguu, akaigeuza pande zote mbili.

"Hizo glovu," akamuuliza Neema, "wana kubwa?"